Somo: Siku zako za mwisho Lubumbashi kabla ya kuvuka Kasumbalesa

Wageni wa begi mgongoni wanaopita kwangu karibu wote huniuliza waone nini Lubumbashi. Ni wachache wanaouliza watokeje kuingia Zambia kwa mpaka wa Kasumbalesa, na pesa zao huishia hapo hapo pa kutokea. Nina chumba kimoja cha nyuma, Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, ninachowapangisha. Mimi mwenyewe huvuka kwenda Kitwe, Zambia, na vitenge vyangu, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyakanyaga kwa miguu.

1. Hesabu siku za viza kwa vidole

Usiseme "nina mwezi". Fungua pasipoti, tafuta muhuri wa kuingia, anza kuhesabu na siku ile ile uliyoingia. Kijana mmoja wa Mbeya aliyelala kwangu alianza kuhesabu kesho yake, basi siku aliyoiita ya mwisho ilikuwa ya kwanza ya makosa. Wala hakufika mapema. Lori la shaba lilikuwa limelala katikati ya barabara na sisi tukakaa juani tukila karanga mpaka jioni. Faini ikala nauli yake ya kumfikisha Kapiri Mposhi, kule Zambia.

Tangu siku hiyo mgeni wangu namtoa siku mbili kabla. Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa ni kilomita tisini na kitu tu, lakini barabara hiyo ndiyo inayobeba shaba na kobalti za Katanga kwenda baharini. Malori yakipanga foleni, hata aliyepanda taksi ndogo atangoja.

2. Kadi ya manjano

Uliionyesha ulipoingia Kongo, sasa unadhani kazi yake imekwisha. Bado. Unatoka nchi yenye homa ya manjano, na Zambia wana haki ya kukuuliza. Tangu Julai 2016 chanjo hii ni ya maisha, hata kama kadi yako imeandikwa miaka kumi. Aliyeipoteza na akachanjwa upya ajue kwamba cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Ukikumbuka jambo hili siku ya kuondoka umechelewa.

3. Ua franga zako

Hapa nitakaa kidogo.

Franga ya Kongo ni pesa ya Kongo. Ukishafika Chingola, upande wa Zambia, ni karatasi yenye picha nzuri. Kwa hiyo siku tatu za mwisho acha kuvunja dola, lipa kwa franga ulizo nazo: chakula, taksi, chumba (mimi napokea zote mbili). Zikibaki za basi na maji ya njiani, umefaulu.

Dola nazo zikague moja moja. Kwetu noti iliyochanika ukubwa wa punje ya mchele inakataliwa, na muuzaji anaikunjua juani kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Watu hucheka, lakini tabia hiyo ikusaidie: ukirudishiwa chenji ya dola, nawe kagua vile vile. Usikubali kuwa mtu wa mwisho kushika noti mbovu.

Halafu simu. M-Pesa yetu ina mifuko miwili, wa dola na wa franga, na wageni husahau mmoja. Toa yote ukiwa bado mjini, kwa wakala anayekujua sura. Laini ikizimika huko ng'ambo, kuzifuata pesa hizo ni kurudi Kongo.

Kwacha: wabadilishaji wa mpakani watakuita kaka, dada, mjomba, shemeji. Badilisha kiasi cha kukufikisha Kitwe tu. Zambia walikata sifuri tatu mwaka 2013, na noti yao kubwa leo ni ya 500. Ukipewa ya 10,000 au ya 50,000, umepewa marehemu. Tena mwaka 2025 walitoa noti mpya, kwa hiyo omba za sura mpya. Hesabu kabla hujaachia zako, na ukimaliza kuhesabu usimrudishie "aongeze moja". Mchezo wote uko kwenye kule kurudisha.

4. Cha kubeba na cha kuacha

Malakiti ni nzuri, ile kijani yenye mistari, ila ni jiwe na mgongo ni wako. Chukua shanga au pete, sinia la kilo tatu liache. Jiwe ghafi kutoka mgodini usibebe kabisa. Mtu wa forodha akiliona kwenye begi hatakuuliza kama ni zawadi, atakuuliza karatasi za madini.

Misalaba midogo ya shaba inayouzwa ni mipya karibu yote, na ni heri iwe hivyo. Ile ya kale ilikuwa pesa ya watu wa huku kabla ya franga, na mahali pake ni kwenye makumbusho yetu, ambako unaweza kwenda kuiona mchana mmoja wa siku hizi za mwisho. Meno ya tembo, ngozi, magamba ya kakakuona: hapana, hata kama ni kikuku chembamba.

Zawadi nyepesi kuliko zote ni jezi ya Mazembe, timu yetu ya mpira, nyeusi na nyeupe. Ng'ambo inafungua mazungumzo. Stoppila Sunzu, aliyepiga penalti iliyowapa Wazambia kombe la Afrika 2012, alikuwa mchezaji wetu wakati ule, na hawajasahau. Nimeona mtu akipigiwa muhuri huku akisimuliwa penalti hiyo hatua kwa hatua.

5. Aga

Wazungu hutoroka saa kumi alfajiri na kuacha kikaratasi mezani. Wewe usifanye hivyo. Jioni ya mwisho kaa ule na wenyeji wako: bukari (ugali wetu), sombe (kisamvu), samaki. Kama kuna kikanda sokoni, nunua kipande, ile keki ya mizizi na karanga, lakini usifungashe. Ukivuka utaikuta, wao wanaiita chikanda, na watakuapia kwamba ni ya kwao. Mama aliyekufulia na kijana wa duka la maji uwaage kwa mdomo. Franga zilizobaki zina kazi hapo pia.

6. Siku yenyewe

Ondoka kungali na umande. Juni na Julai vaa sweta, tuko juu zaidi ya mita elfu moja na baridi ya alfajiri si ya Dar. Saa yako usiiguse, sisi na Zambia tuko sawa, ni Kinshasa walio nyuma yetu kwa saa moja.

Ukifika, simu iwe mfukoni. Hakuna kupiga picha mpakani, wala ya foleni ya malori, wala ya askari anayecheka nawe. Anza dirisha la uhamiaji, DGM, upate muhuri wa kutoka. Usome muhuri hapo hapo dirishani, tarehe ionekane. Ukiambiwa kuna ada, omba risiti kwa upole, ukiwa na uso wa mtu asiye na haraka. Mara nyingi ada hupungua yenyewe. Kisha tembea kwenda upande wa pili, ambao nao unaitwa Kasumbalesa, usidhani umepotea.

Halafu jambo dogo linaloweza kukuua: Kongo tunaendesha kulia, Zambia kushoto. Magari yetu mengi yana usukani wa kulia, kwa hiyo macho yako yameshavurugika. Hatua ya kwanza ukitoka geti lao, tazama pande zote mbili kama mtoto wa shule.

Maswali ya wanachama

*Swali, Likasi: Yaya, nikishapigwa muhuri wa kutoka nikagundua nimesahau chaja kwenye taksi, naweza kurudi mara moja?*

Mdogo wangu, chaja inauzwa Chililabombwe. Viza ya kuingia mara moja ikishapigwa muhuri wa kutoka imekufa, hata kama siku zimebaki ishirini. Mwite dereva akuletee mpaka getini, na kama hujapiga muhuri bado, hapo ndipo pa kupekua begi.

*Swali, Mwanza: Dada, nataka kufika Dar kwa treni. Nikivuka naelekea wapi?*

Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, halafu Kapiri Mposhi, ndipo reli ya TAZARA inapoanzia. Mpaka Dar ni kilomita 1,860. Lakini usivuke ukiwa na imani ya treni tu. Piga simu stesheni kabla hujatoka kwangu, safari hufutwa na ratiba hubadilika. Isipokuwepo, basi la kwenda Nakonde utalipata, unavuka Tunduma na uko nyumbani.

*Swali, Nairobi: Mpaka ukifungwa je? Niliwahi kusikia walifunga.*

Ulisikia kweli. Agosti 2024 Zambia walifunga kwa siku chache, ugomvi wa bia na soda zao tulizozuia zisiingie. Walifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa pamoja, kwa hiyo usidhani kuna mlango wa nyuma. Siku za kawaida Mokambo ni njia nzuri kwa anayekwenda Mufulira, kwa sababu haina malori mengi. Ndiyo maana nasema siku mbili za akiba. Ile wiki ya 2024 nilikuwa na marobota mawili ya vitenge na wageni watatu, na wote tulikula bukari ya deni.

*Swali, Kolwezi: Na mwenye kuondoka kwa ndege, Luano?*

Ndege siijui sana. Najua kuna Go-Pass, ushuru unaolipwa pembeni ya tiketi, na kwa ndege za nje umekuwa dola 50 kwa miaka mingi. Weka noti safi ya hamsini tangu mwanzo wa safari, isiyo na hata kikunjo.

*Swali, Mwanza tena: Dada, yule kijana wa Mbeya alifika?*

Alifika. Nilimkopesha nauli, akanirudishia mwezi uliofuata kwa dereva wa lori, na juu yake kilo mbili za mchele wa Kyela.