Siku tatu kwa gari kusini mwa Iceland: panga kwa upepo na mwanga

Ndugu na marafiki wanaokuja kunitembelea hapa Reykjavík hufika na ratiba iliyojaa pomoni. Wote wamepiga hesabu ya kilomita. Kutoka hapa hadi Jökulsárlón, lile ziwa lenye mapande ya barafu yanayoelea, ni kama kilomita 370, na aliyezoea kutoka Dar kwenda Dodoma anaona hiyo ni safari ya nusu siku. Ni kweli, siku ya hali nzuri. Lakini huku kinachoamua utafika lini ni upepo, kisha mwanga wa mchana, na umbali huja mwisho kabisa. Kila hatua ninayoieleza hapa inatokana na hilo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua njia

Mwishoni mwa Juni jua huzama Reykjavík saa sita usiku na kuchomoza tena karibu saa tisa za usiku huohuo. Mwishoni mwa Desemba linatoka saa tano na ushei asubuhi, na linazama muda mfupi baada ya saa tisa na nusu alasiri. Sisi ambao saa zetu zinafuata jua tunavurugika kabisa: saa kumi na mbili jioni huku haikuambii kama kuna giza au la. Ukiwa Mwislamu, pita msikitini Reykjavík au wasiliana nao mapema ujue ratiba ya swala wanayoifuata, maana simu inaweza kukuonyesha magharibi na alfajiri vikiwa vimekaribia kugusana.

Mimi huwaambia wageni waje kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba. Mchana bado ni mrefu wa kutosha kuendesha bila wasiwasi, barabara za pwani kwa kawaida hazina theluji, na usiku umeanza kuwa mweusi kiasi cha kuweza kuona ile mianga ya kijani angani. Utakachokosa ni lundi, wale ndege wa baharini wenye midomo ya rangi ya chungwa. Hao huondoka katikati ya Agosti. Kama ndio unaowataka, njoo Juni au Julai, ila ujue bei za vyumba ziko juu na maegesho yamejaa.

Hatua ya 2: Viza na leseni

Iceland imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Iceland haina ubalozi kila nchi, kwa hiyo mara nyingi nchi nyingine ya Schengen huyapokea kwa niaba yake. Uliza mapema ni ipi mahali ulipo. Leseni yako ya nyumbani inakubalika kwa mgeni mradi imeandikwa kwa herufi za Kilatini na ina picha na namba. Beba yenyewe, si nakala.

Hatua ya 3: Gari na bima

Chukua gari la gia otomatiki. Huku tunaendesha kulia na usukani uko kushoto, na mkono wako wa kulia haujawahi kubadilisha gia maishani. Usijipe kazi mbili kwa mpigo. Gari dogo la kawaida linatosha kiangazi ukibaki Barabara Namba 1, inayozunguka nchi nzima na ni ya lami sehemu hii yote. Barabara zenye herufi F mbele ya namba ni za milimani, na gari lisilo la 4x4 haliruhusiwi huko. Kuingiza gari nje ya barabara, hata mita chache kwenye mchanga mtupu, ni kosa la kisheria popote nchini.

Bima isome mstari kwa mstari. Iko ya mawe yanayorushwa kwenye kioo, iko ya mchanga na majivu ya volkano yanayokwangua rangi ya gari. Mlango uliong'olewa na upepo ndio kwa kawaida haumo. Mdogo wangu alipokuja kutoka Tanga alifungua mlango pale Vík, kijiji cha pwani ya kusini, kama anavyofungua kwao, kwa mkono mmoja huku anaangalia simu. Upepo ulikuwa unatoka nyuma. Mlango ulichomoka mkononi mwake, ukapinda hadi ukagusa ubavu wa gari, na bawaba zikalia kama bati linalokatwa. Tulirudi Reykjavík mlango umefungwa kwa kamba, na gharama yote alilipa yeye.

Kwa hiyo egesha pua ya gari ikielekea upepo unakotoka. Bawaba ziko mbele ya mlango, hivyo upepo wa mbele unausukuma ujifunge badala ya kuufungua. Kisha shika mlango kwa mikono miwili, na abiria mmoja ashuke kwanza, wengine wafuate. Waambie watoto hili kabla hamjaondoka.

Hatua ya 4: Kanuni za barabarani

Kasi ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe, 50 mijini. Taa zinawashwa mchana na usiku. Kwenye kipilefti chenye njia mbili, gari la njia ya ndani ndilo lenye haki ya kutoka kwanza, na ukiwa njia ya nje umpishe. Wengi hugongwa hapo siku ya kwanza. Ukiona kibao cha Einbreið brú, mbele kuna daraja la gari moja. Aliyelikaribia zaidi hupita, mwingine husubiri. Punguza mwendo mapema, usikimbizane na mtu kuliwahi.

Kiangazi kondoo wanazurura bila mchungaji. Ukimwona mama upande mmoja wa barabara na mwanawe upande wa pili, kaa ukijua mmoja atavuka. Kusimama katikati ya barabara kupiga picha ndilo jambo linalonikera kuliko yote, kwa sababu barabara haina nafasi ya pembeni ya kusimama na anayekuja nyuma yako yuko kwenye 90. Subiri maegesho, hayako mbali.

Hatua ya 5: Kila asubuhi, kabla ya chai

Fungua tovuti mbili: umferdin.is kwa hali ya barabara, na vedur.is kwa hali ya hewa. Upepo huandikwa kwa mita kwa sekunde, na namba hiyo inadanganya jicho. Mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa. Ikifika 15, gari la kulala ndani libaki limeegeshwa. Ikipita 20, bakini mlipo, hata kama chumba cha mbele kimeshalipiwa. Chini ya milima ya Eyjafjöll na sehemu za Öræfi upepo hushuka kwa mapigo makali kuliko utabiri wa jumla, na vibao vya umeme barabarani huonyesha nguvu ya mapigo hayo. Visome.

Namba ya dharura ni 112. Jaza mafuta kila tanki linapofika nusu. Sheli nyingi hazina mhudumu, na pampu inataka kadi yenye namba ya siri.

Hatua ya 6: Njia yenyewe

Siku ya kwanza ni Reykjavík hadi Vík, kama kilomita 187. Nunua chakula katika mji wa Selfoss, madukani na si mgahawani, na jaza chupa ya chai. Maji ya bomba ya baridi ni safi kabisa. Ya moto hunuka kama yai viza kwa sababu yanatoka ardhini yakiwa na salfa, hayana madhara. Seljalandsfoss ni maporomoko ya mita 60 ambayo unaweza kupita nyuma yake. Vaa koti la mvua hata kama jua linawaka, maana kule nyuma unanyeshewa kutoka chini kwenda juu.

Juu ya sehemu hii unaiona Eyjafjallajökull ikiwa imevaa barafu yake, imetulia. Ndiyo volkano iliyolipuka Aprili 2010, majivu yake yakafunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, na wakulima wa maua wa Kenya wakatupa maua kwa kukosa ndege. Wageni wangu wengi wanalikumbuka tukio hilo bila kujua mlima wenyewe unaonekana kutoka barabarani.

Skógafoss, maporomoko mengine, iko mbele kidogo, kisha Reynisfjara, ufuko wa mchanga mweusi. Hapa nakuomba unisikilize. Mawimbi ya Reynisfjara hayafanani na ya kwetu. Yanakuja madogo matano, sita, halafu linatokea moja linalopanda ufuko mzima na kurudi na kila kilichosimama. Watu wamekufa hapo, wengi wao wageni waliokuwa wakipiga picha. Kuna taa za tahadhari njiani kuingia: ikiwa nyekundu, angalia kutoka juu. Hata ikiwa kijani, usiipe bahari mgongo.

Siku ya pili, Vík hadi Jökulsárlón, kama kilomita 190. Kwanza utapita Eldhraun, uwanda wa mawe ya lava uliofunikwa ukoga laini wa kijivu na kijani. Ni lava ya volkano ya Laki ya mwaka 1783. Mlipuko ule uliendelea miezi minane, mifugo ikafa, na takriban mmoja kati ya kila Waiceland watano akapoteza maisha kwa njaa na maradhi. Usiukanyage ule ukoga. Alama ya kiatu hubaki miaka mingi.

Jaza mafuta Kirkjubæjarklaustur. Baada ya hapo unaingia Skeiðarársandur, jangwa la mchanga mweusi ulioletwa na mafuriko ya barafu. Karibu na Skaftafell kando ya barabara kuna vyuma vya daraja vilivyopindwa kama uma wa bati: ni mabaki ya mafuriko ya Novemba 1996, baada ya volkano kulipuka chini ya barafuto (barafu kubwa ya milimani isiyoyeyuka) ya Vatnajökull na maji yake kutoka kwa pamoja. Simama, uviguse. Ndipo utaelewa kwa nini barabara ya kuzunguka nchi ilikamilika mwaka 1974 tu: sehemu hii ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Jökulsárlón lipe saa tatu, usikubali saa moja. Mapande yanamegeka kutoka kwenye barafuto, yanaelea ziwani, yanapita chini ya daraja hadi baharini, na mawimbi huyarudisha ufukweni upande wa pili wa barabara. Vuka uende huko. Okota kipande kidogo kwenye mchanga mweusi: ndani ni angavu kama kioo, kina vipovu vya hewa iliyonaswa zamani theluji ilipokuwa ikishindiliwa, na kinauma vidole ndani ya dakika. Kamwe usipande juu ya mapande yenyewe, yanageuka. Vyumba eneo hili ni vichache, viwekeshwe miezi kabla. Vikikosekana, mji wa Höfn uko kama kilomita 80 mbele.

Siku ya tatu ni ya kurudi, na iache tupu. Kama taa ya Reynisfjara ilikuwa nyekundu juzi, leo una nafasi ya pili. Kama upepo ulikuzuia Vík asubuhi nzima, leo unalipia zile saa. Ukirudi mapema, ingia bwawa la maji ya moto la mji wowote utakaoupita, na kumbuka kwamba huku unaoga kwa sabuni bila nguo kabla ya kuvaa za kuogelea, kila mtu hufanya hivyo. Ndege ya kuondoka iwe siku ya nne. Usiikatie tiketi ya usiku wa siku ya tatu, hata ikiwa rahisi namna gani.