Jinsi ya Kuomba Kadi Mpya Pale Laini ya Simu Inapoharibika, Bila Kupoteza Namba Yako

Laini inapoharibika, kinachoharibika ni kadi, na namba yako haimo ndani ya kadi hiyo. Kadi hubeba utambulisho wa mteja pamoja na ufunguo wa siri unaoiwezesha kutambuliwa na mtandao, ilhali namba, salio na vifurushi vimehifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni. Kwa sababu hiyo kampuni inaweza kukupa kadi nyingine na kuiunganisha na namba ileile. Kwa sababu hiyohiyo inalazimika kukuhoji kwanza, kwa kuwa atakayekabidhiwa kadi hiyo ndiye atakayepokea simu zako, ujumbe wako na namba za uthibitisho zinazotumwa na benki.

Hatua ya kwanza, ambayo wengi huiruka, ni kuthibitisha kwamba tatizo liko kwenye kadi. Zima simu, toa kadi, uitazame mwangani upande wenye madini ya rangi ya dhahabu. Mkwaruzo uliokatiza madini hayo, kutu, au ufa unaopita kwenye chipu ni dalili kwamba kadi imekwisha. Vumbi na jasho hufutwa kwa kitambaa laini kikavu. Usiikwangue kwa kisu wala kuiosha. Irudishe ikae sawasawa, kisha uwashe simu. Hali isipobadilika, weka kadi yako kwenye simu nyingine inayofanya kazi na isiyofungiwa mtandao wa kampuni moja, halafu weka laini nyingine nzima kwenye simu yako. Kadi ikikataa kusomwa kwenye simu zote mbili, iliyoharibika ni kadi. Laini nzima nayo ikikataa kwenye simu yako, mpelekee fundi simu hiyo, kwa maana kadi mpya haitakusaidia. Na ikiwa kadi inasomwa kila mahali lakini haishiki mtandao, wakati wengine wanaotumia kampuni hiyohiyo hapo ulipo wanapiga simu bila shida, huenda laini imefungwa kwa sababu ya usajili au kwa kutotumika muda mrefu. Hilo ni ombi tofauti, na ni vyema ulitaje hivyo utakapozungumza na huduma kwa wateja.

Simu inayodai PUK, yaani namba ya kufungulia kadi iliyojifunga, haina kadi mbovu. PIN, yaani namba ya siri ya kadi, ikikosewa mara tatu kadi hujifunga, na hufunguliwa kwa PUK yenye tarakimu 8, ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye kadi kubwa ambamo laini ilichomolewa. Usibahatishe, kwa sababu PUK ikikosewa mara 10 kadi hufa moja kwa moja. Kampuni itakutajia PUK ikishathibitisha kwamba laini ni yako.

Lipo jambo moja lisilosubiri. Laini iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ikipoteza mtandao ghafla na usirudi hata baada ya kuzima na kuwasha simu, inawezekana tapeli ameshaomba kadi mpya kwa jina lako na ya kwako imezimwa. Tumia simu ya mtu mwingine kupiga huduma kwa wateja na benki papo hapo, uwaombe wazuie laini na akaunti, ndipo uendelee na mengine.

Ukishajua kuwa kadi ndiyo mbovu, andaa ushahidi kwamba laini ni yako. Chukua kitambulisho halisi ulichosajilia, na siyo nakala yake, pamoja na kadi iliyoharibika hata kama imevunjika, kwa kuwa namba ndefu iliyochapwa juu yake, yenye tarakimu 19 au 20 na inayoanza na 89, humwonyesha mhudumu ni kadi ipi anayoizungumzia. Andika pembeni namba chache unazopiga mara kwa mara na lini ulipoongeza salio kwa mara ya mwisho, maana maswali ya uthibitisho mara nyingi hutoka huko. Kama kadi bado inasomwa kwa kusuasua, hamishia kwenye simu majina yaliyohifadhiwa humo, kwa sababu hayatahamia kwenye kadi mpya. Aidha, usifute programu za simu wala kujiondoa kwenye akaunti zako wakati laini imekufa: ukitakiwa kuingia upya, namba ya uthibitisho itatumwa kwenye laini usiyoweza kuisoma.

Ugumu mkubwa zaidi huwapata wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, awe mzazi, mwenza, mwajiri au wakala aliyeuza laini ikiwa tayari imesajiliwa. Kwa kampuni, mwenye laini ni yule aliyesajiliwa, hata kama wewe umeitumia kwa miaka mingi. Mwombe mhusika aende mwenyewe na kitambulisho chake, na mkiwa hapohapo ulizeni utaratibu wa kuhamishia umiliki kwako. Asiyeweza kumpata mwenye jina hana njia ya mkato ya halali, na anayemwahidi njia hiyo kwa malipo anamtafutia matatizo.

Nenda kwenye duka la kampuni au kwa wakala anayetambuliwa mwenye ofisi ya kudumu. Eleza shida kwa ufupi na kwa ukamilifu, kwa mfano: “Naomba kadi mpya kwa namba yangu hii. Kadi iliyopo haisomwi tangu jana. Nimeijaribu kwenye simu nyingine imekataa, na simu yangu inasoma laini nyingine bila tatizo.” Maelezo ya namna hiyo humwepusha mhudumu na kukuagiza urudi nyumbani ukazime na kuwasha simu. Jaza fomu kwa majina yaleyale yaliyo kwenye kitambulisho, na usimtajie yeyote namba ya siri ya fedha, kwa kuwa haihitajiki katika kubadilisha kadi. Ukiombwa kurudia alama za vidole, uliza sababu na utazame kinachoandikwa, kwani wapo watu ambao laini wasizozijua zimesajiliwa kwa majina yao kwa njia hiyo.

Kadi mpya ikiwashwa, ya zamani huzimika, na shughuli hiyo huweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa. Ikiwezekana usiondoke kaunta kabla ya kupiga na kupokea simu, kutuma na kupokea ujumbe, kuwasha intaneti, na kufungua menyu ya fedha. Baadhi ya huduma za fedha na benki husimamisha miamala kwa muda baada ya kadi kubadilishwa, kwa hiyo uliza mapema kama una malipo ya haraka.

Ombi likikataliwa au likicheleweshwa, omba sababu, namba ya kumbukumbu na jina la mhudumu, uviandike pamoja na tarehe. Bila namba ya kumbukumbu, kila utakayempigia atakuanzisha upya. Mwombe msimamizi wa duka. Asipolimaliza, peleka malalamiko ya maandishi kwa kampuni, ukieleza lini kadi iliharibika, majaribio uliyofanya, majibu uliyopewa, na unachotaka kifanyike, yaani kupewa kadi mpya kwa namba ileile na salio lake. Wasipokujibu, au jibu lao lisiporidhisha, lipeleke shauri kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano, ambayo kwa kawaida hutaka kwanza kuona kwamba ulianzia kwa kampuni. Ambatisha nakala ya malalamiko hayo, stakabadhi na namba zote za kumbukumbu, na ubaki na nakala zako.