Mwanafunzi Akilazwa Katikati ya Semesta: Linda Nafasi Yake Chuoni na Mkopo Wake

Nimehudumia wanafunzi katika ofisi ya chuo hapa Nairobi kwa miaka mingi. Kinachoniuma hadi leo ni kijana aliyepona, akarudi mwaka uliofuata, akakuta jina lake limeondolewa kwa kuwa hakuna aliyeandika barua. Ninakuandikia wewe mzazi, dada au kaka uliye kando ya kitanda, maana miguu itakayozunguka maofisini ni yako.

Hatua ya 1: Sahihi ya mgonjwa. Akiwa bado anaweza kushika kalamu, atie sahihi kwenye barua fupi inayokuruhusu kumshughulikia. Iwe na jina lake, namba ya usajili na namba ya kitambulisho chako. Bila hiyo, karani ana haki ya kukataa kukuonyesha faili la mtu mzima.

Hatua ya 2: Barua ya daktari. Iwe na muhuri, tarehe aliyolazwa na muda anaotakiwa kupumzika. Si lazima ugonjwa wenyewe utangazwe kwa kila dawati. Toa nakala tano.

Hatua ya 3: Amua mnaahirisha nini. Hapa ndipo wengi hupotea. Akikosa mitihani tu, ombeni mtihani maalum, ambao husahihishwa kama wa mara ya kwanza. Msikubali aandikiwe mtihani wa marudio, kwa sababu katika vyuo vingi hata akifanya vizuri kupindukia hupewa alama ya kupita tu, na alama hiyo hubaki kwenye transkripti, yaani hati yake ya matokeo. Lakini akiwa amekosa masomo ya wiki nyingi, ahirisheni semesta au mwaka mzima. Barua ipitie kwa mkuu wa idara na kitivo hadi kwa msajili, na ifike kabla ya mitihani kuanza. Kila unapoiacha, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha subiri jibu la maandishi; kuambiwa "sawa, tumeelewa" hakutoshi.

Hatua ya 4: Pesa. Mkopo wa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hugawanyika: karo huenda chuoni moja kwa moja, na ya matumizi humfikia mwanafunzi. Chuo kikikubali kuahirisha, peleka nakala ya jibu hilo HELB, Anniversary Towers, barabara ya University Way, uombe malipo yasimamishwe hadi arejee. Ikiwa karo ya semesta hiyo ilishaingia, iandikie ofisi ya fedha ya chuo iishikilie kwa ajili ya semesta atakayorudia, kisha uitishe taarifa ya akaunti yake uone salio kwa macho yako.

Najua hospitali inadai na ile pesa ya matumizi iko karibu. Kumbuka tu ni deni la kijana huyo, lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Walio chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 wana pia ufadhili wa serikali usiorudishwa. Uulizieni kivyake, kwani hauendi pamoja na mkopo.

Hatua ya 5: Kurudi. Mwezi mmoja kabla ya chuo kufunguliwa, peleka barua ya daktari inayosema amepona na uombe arejeshwe. Hakikisha masomo aliyoyaacha yanafundishwa semesta hiyo. Siku ya usajili msindikize, kwa maana foleni ni ndefu na mwili wake bado haujapata nguvu.