Kumpiga Picha Mwanamitindo Mji Mkongwe kwa Kamera Mpya na Mwanga wa Jua

Siku ya kwanza nilipotumia kamera yangu ya sasa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nilimkalisha mwanamitindo kwenye baraza ya nyumba moja ya mtaa wa Shangani, mbele ya mlango wa nakshi, huku ukuta wa chokaa wa upande wa pili wa kichochoro ukiwaka jua na kummiminia usoni mwanga laini usio na kivuli kikali. Kamera ilikuwa imetoka kwenye boksi siku mbili tu kabla. Ikawa inalenga misumari ya shaba ya mlangoni badala ya macho yake, nami nikawa naipekua menyu nikitafuta mahali pa kurekebisha. Nilipopapata, jua lilikuwa limekwisha kuuacha ule ukuta na uso wa dada yule ulikuwa umefifia. Ninaandika maelezo haya ili mwenye kamera mpya asipoteze mwanga kwa namna hiyo.

Kwa hiyo kazi huanzia nyumbani. Kaa na kamera jioni mbili au tatu, umpige picha mtu wa nyumbani sebuleni, mpaka vidole vyako viweze kubadilisha kasi ya shata (muda ambao mwanga huingia), uwazi wa lenzi (tundu linalopitisha mwanga), ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na sehemu ya fokasi (mahali kamera inapolenga ili paonekane wazi) bila jicho kuondoka kwenye kidirisha cha kutazamia. Ijaribu pia fokasi inayofuata jicho, na ujue inaposhindwa: uso uliofunikwa na nikabu au miwani ya jua, na uso ambao nusu yake imo kwenye kivuli kizito. Weka kamera ihifadhi faili ghafi (picha ambayo kamera haijaisindika), nunua betri ya pili, kwa kuwa kamera zisizo na kioo cha ndani hula betri haraka, na uzime mng'ao wa skrini unaojirekebisha wenyewe. Skrini inayong'aa ndani ya kichochoro chenye giza huifanya picha ionekane ina mwanga wa kutosha, kumbe haina.

Ikiwa umelala kwenye chumba chenye kiyoyozi, itoe kamera humo mapema ikiwa ndani ya mkoba uliofungwa, uiache ipate joto kwa nusu saa au zaidi. Ukiifungua ghafla kwenye hewa ya pwani, lenzi hufunikwa na ukungu, na hakuna kitambaa kitakachouondoa. Utasubiri mpaka ukauke wenyewe.

Vichochoro vyenyewe ni vyembamba, na upana huo ndio unaoamua lenzi. Lenzi ya milimita 85 (kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo lenzi inavyovuta vitu karibu) inaupendezesha uso, lakini huwezi kurudi nyuma huku mgongo wako umegusa ukuta, kwa hiyo itumie kwa kufuata urefu wa kichochoro. Milimita 50 ndiyo ningemshauri mtu kuwa nayo kama anabeba moja tu. Milimita 35 inafaa kwa mwili mzima pamoja na mlango, ila usiisogeze karibu na uso, maana pua huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Ukishafika, usianze kwa kutafuta mandhari. Tafuta ukuta unaopigwa na jua, kisha mweke mtu wako upande wa pili, kivulini, akiutazama ukuta huo. Nyumba za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa hurudisha mwanga mwingi, na kwa kuwa ukuta ni mpana, mwanga huo ni laini kuliko wa taa nyingi za studio. Mtazame machoni: ukiona ndani ya mboni mraba mweupe mrefu, huo ndio ukuta wako, na uso utakuwa hai. Usipouona, mgeuze kidogo kidogo mpaka utokee. Zanzibar iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana husimama karibu kabisa juu ya kichwa. Saa hizo huingia hadi chini ya kichochoro na kuyatia macho kivuli cheusi. Pumzikeni, au ingieni chini ya roshani.

Sasa suala la ngozi nyeusi, ambalo wapiga picha wengi hulikosea hata wakiwa na vifaa ghali. Kipimo cha mwanga cha kamera hujaribu kuifanya picha nzima iwe na wastani wa kijivu. Mwanamitindo akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake huwa mzito na usio na umbo. Mtu huyo huyo akisogea mbele ya mlango wa msaji mweusi, kamera huongeza mwanga, na ngozi yake hupauka kana kwamba imepakwa majivu. Uso haukubadilika; kilichobadilika ni kilicho nyuma yake. Kwa sababu hiyo ninapendelea kuweka kila kitu kwa mkono: katika kichochoro chenye ukuta unaorudisha jua ninaanza na shata ya 1/250 ya sekunde, uwazi wa f/2.8 na ISO 200 au 400, ninapiga picha moja, naikuza kwenye skrini nione kama paji la uso na mashavu yana mng'ao bila kuungua, kisha naacha vipimo hivyo hivyo hata tukibadilisha mlango, maadamu mwanga usoni ni ule ule. Kuung'arisha uso kwenye kompyuta baadaye kunaleta chembechembe katika sehemu za giza, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi kwa uzembe huo.

Rangi nayo ina mitego. Kivuli cha kichochoro kinaangaziwa na anga, hivyo kina ubluu. Weka mizani ya weupe (mpangilio wa kamera unaosahihisha rangi ya mwanga) karibu na kelvini 6500 au 7000. Angalia juu kabla ya kupiga, kwani turubai la bluu lililotandazwa juu ya duka humpaka mtu rangi ya mgonjwa. Kanga nyekundu iliyofika shingoni hutia wekundu chini ya kidevu. Dawa yake ni shuka jeupe: mwombe mtu alishike chini ya kifua cha mwanamitindo, nje ya picha.

Baraza na mlango vina wenyewe. Piga hodi, msalimie mzee au mama wa nyumba, ueleze unachofanya, na ukikataliwa shukuru uende. Mavazi ya mwanamitindo yaheshimu mtaa, na Ijumaa mchana uache mitaa ya misikiti. Malipo na matumizi ya picha yaandikwe kabla ya siku yenyewe.

Jioni hamieni Forodhani, bustani iliyo ufukweni, kwani mji unatazama bahari upande wa magharibi. Jua huzama baina ya saa 12:10 na saa 12:45 kulingana na mwezi, na kwa kuwa hapa hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, mwanga wa dhahabu hauzidi dakika 40 hivi. Mwanamitindo awe ameshabadilisha nguo kabla ya hapo. Usibadilishe lenzi kwenye upepo wa chumvi. Jua likishazama msifungashe virago: kwa takriban robo saa anga yote huwa taa moja tulivu, na 1/125, f/1.8 na ISO 800, kisha 1600, hukupa uso wenye utulivu ambao jua lenyewe haliutoi. Taa za wauza urojo na mishikaki zikishawaka, umanjano wake huuvamia uso kutoka upande mmoja na ubluu wa anga kutoka upande mwingine, na hapo ndipo mimi hufunika lenzi.