Sahihi za wachezaji ngoma na wanamuziki: namna ya kuzikusanya ukiwa na watoto

Mtoto akirudi kutoka Ngome Kongwe, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kurasa kumi za michoro asiyoweza kuisoma, daftari lile halimalizi mwezi kabla ya kutupwa. Sahihi inayodumu ni ile ambayo mtoto, akishakuwa mkubwa, ataitazama na kusema: huyu alikuwa akipiga tarumbeta kwenye beni, ile bendi ya mitaani, jina lake fulani, nilimwomba mwenyewe pale Forodhani. Ili afike hapo, yapo mambo ya kutayarisha nyumbani na yapo ya kumfundisha.

Tuanze na daftari. La skuli halifai, kwa sababu karatasi zake ni nyepesi na wino wa maka peni hupenya hadi kurasa mbili za chini. Tengeneza lenu. Nunua karatasi 15 za manila nyeupe za A4 na uzikate katikati, upate majani 30 ya ukubwa unaoenea mikononi mwa mtoto wa miaka sita. Zipeleke kwenye duka la fotokopi wakuwekee jalada gumu na spairo. Spairo ni bora kuliko gundi, maana daftari hulala wazi kabisa na msanii anaweza kuandika huku amesimama. Usichore mistari. Wazee wengi wa ngoma na taarab walijifunza kuandika chuoni, kwenye chuo cha Kurani, na sahihi zao ni za herufi za Kiarabu, zinazoanza kulia. Mstari uliochorwa humbana mtu bila sababu. Kila sahihi ikae upande mmoja wa jani, na upande wa nyuma ubaki mtupu.

Kwenye jani la kwanza andika jina la mtoto na namba ya simu ya mzazi. Anuani ya nyumbani usiiweke, kwa kuwa daftari hili litapita mikononi mwa watu wengi.

Kalamu ndiyo inayoharibu mambo mara nyingi zaidi. Peni ya kawaida hukatakata kwenye karatasi iliyoshikwa na mkono wenye jasho, na mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, hakuna mkono usio na jasho. Peni ya wino wa majimaji hupaka ukurasa wa pili ukifunga daftari mapema. Tumia maka peni ya wino usiofutika, ncha ya milimita moja hivi. Angalia vizuri dukani: maka ya ubao mweupe hufanana nayo na mara nyingi huwekwa kwenye kikopo kimoja, lakini wino wake umetengenezwa ili ufutike. Jaribu kwanza kwenye kipande cha manila, subiri dakika moja, kisha pitisha kidole kilicholowa maji. Chukua mbili, na kifuniko cha kila moja kifungwe uzi kwenye kalamu yake, kwani gizani vifuniko ndivyo vya kwanza kupotea. Ongeza penseli moja. Kazi yake tutaieleza.

Sasa saa ya kuomba. Sauti za Busara, tamasha la muziki linalofanyika Februari tangu 2004, hufungua kwa maandamano ya mitaani: beni, wanawake wa ngoma ya mwanandege na miavuli yao, wanasarakasi, watu wanaotembea juu ya magongo. Watoto wataka kukimbilia hapo hapo. Wazuie. Maandamano yakishaanza kutembea hakuna sahihi, na sababu si ukali. Anayetembea juu ya magongo hawezi kusimama tuli. Lazima apige hatua ndogo ndogo ili asianguke, na mtoto anayejitokeza chini yake anamtia hatarini yeye na wengine. Mpiga tarumbeta anahitaji pumzi zake zote. Anayecheza ngoma ya kyaso ana fimbo mkononi.

Saa nzuri ni kabla. Fikeni pale vikundi vinapokusanyika, saa nzima kabla ya kuondoka. Hapo watu wanafunga mavazi, wanajaribu vyombo, na wapigaji wanapasha ngoma moto ili ngozi ikaze. Wapigaji hao ni watu wa kuombwa, kwa sababu kusubiri ngozi ipate sauti ni kazi ya kukaa, ila yule anayeigeuza ngoma motoni aachwe. Ngozi ikizidi joto kidogo tu hupasuka. Anayetembea juu ya magongo mwombeni akiwa bado ameketi ukutani akijifunga. Kama mmechelewa, subirini mwisho, lakini wapeni kwanza nafasi ya kunywa maji na kufuta jasho. Dakika kumi zinatosha, na tofauti yake inaonekana kwenye sahihi yenyewe: iliyoandikwa na mkono uliotulia husomeka.

Kwenye taarab kuna mtego mwingine. Watazamaji huenda mbele kumtunza mwimbaji, yaani kumpa fedha, na mzazi huona foleni ile ni nafasi ya kupeleka daftari. Haifai hata kidogo. Mwimbaji yumo ndani ya wimbo, na anayekwenda kutunza hatakiwi kumsubiri mtoto anayefungua kifuniko cha kalamu. Ngojeni mapumziko, na msiwasahau wapiga kanuni, fidla na dumbaki, ambao aghalabu hakuna mtoto anayewafuata na ambao hufurahi mno wakiulizwa habari za vyombo vyao. Kwa maoni yetu kurasa zao ndizo zinazokuja kuwa nzuri kuliko zote, kwa kuwa wana muda wa kuandika neno la ziada.

Maulidi ya homu ni jambo jengine. Wale waliopiga magoti kwa safu, wakiwa na kanzu na kofia, wako katika kumsalia Mtume. Hata wanapotulia kati ya qasida moja na nyengine, hawajamaliza. Mtoto akae kimya hadi watu wasimame na kusalimiana. Wengine hawatataka kutia sahihi, na hilo likubaliwe kwa "ahsante" bila ya kuuliza sababu. Na ikiwa mtu ameandika dua au aya, daftari hilo lisiwekwe tena chini wala kukaliwa.

Kwenye viwanja vya sikukuu au sherehe za watoto mnaweza pia kumkuta mtu aliyevaa kichwa kikubwa cha mnyama au kikaragosi. Yeye huona kupitia tundu dogo la mdomoni au machoni, hivyo haoni aliye ubavuni wala mtoto mfupi aliye karibu na miguu yake. Mtoto aende kwa mbele, asimame hatua mbili, apunge mkono, angoje aitwe. Mikono yake imo ndani ya glavu nene, kwa hiyo mpeni kalamu nene iliyokwisha funguliwa na mmshikie daftari kwa mikono miwili. Ndani mle joto ni kali, naye hutoka kila baada ya muda mfupi kupumzika, akiondoka msimfuate. Mtoto mdogo akiogopa, asisukumwe mbele kwa ajili ya ukurasa. Mwacheni atazame kwa mbali watoto wengine wakisalimiana naye, kisha muulizeni tena.

Maneno ya kuomba yafanyiwe mazoezi nyumbani, na mtoto ndiye aseme, si mzazi: "Shikamoo bibi. Mie naitwa fulani. Nimependa ulivyocheza. Naomba uniandikie sahihi yako." Halafu anyamaze na asubiri jibu. Daftari litolewe likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa mtupu, kalamu ikiwa wazi, upande wa kushikia ukimwelekea msanii. Mtu mmoja, sahihi moja. Mtoto asiombe na ya ndugu yake aliyebaki nyumbani wakati foleni ipo nyuma.

Hapa pana jambo linalohitaji moyo mpole. Baadhi ya wazee wa ngoma, hasa mashamba, hawaandiki. Mtoto asiseme "sahihi" peke yake. Aseme "sahihi au alama yoyote". Wekeni ndani ya mkoba kidau kidogo cha wino wa muhuri na kitambaa kilicholowa maji. Dole gumba la mzee aliyecheza ngoma ya msewe maisha yake yote ni ukurasa wenye heshima kamili. Kitambaa mpeni kabla hajaomba.

Pesa zisitolewe kama malipo ya sahihi, kwani vikundi vikizoea hivyo mtoto asiye na kitu atakosa. Chupa ya maji baridi kwa aliyemaliza kucheza juani ni jambo jengine, na hupokelewa vizuri.

Mtu mzima mmoja asichukue zaidi ya watoto watatu. Kabla ya kuingia kwenye umati waonyesheni mahali pa kukutana wakipotea, kwa mfano mlango wa Ngome Kongwe, na wautamke wenyewe. Magharibi ya Februari huingia kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni. Wakati huo msiombe kitu, watu wengi wanakwenda kusali.

Penseli sasa. Mara tu baada ya kila sahihi, pembeni kabisa, andikeni chini ya ukurasa: jina kama alivyolitamka mwenyewe, kikundi, alichokuwa akifanya, mahali, tarehe. Penseli haipenyi karatasi wala haipauki. Ukiacha hadi usiku utachanganya watu watatu, na ukiacha hadi kesho utawapoteza wote. Mtoto anayejua kuandika aandike mwenyewe, hata kwa herufi zilizopinda.

Wino upewe dakika mbili kabla ya kufunga daftari. Usiku piga picha kila ukurasa mpya kwa simu, kwenye mwanga usio mkali, bila ya flashi.

Adui mkubwa wa daftari hapa kwetu ni unyevu, zaidi masika. Likae ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, pamoja na vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kabatini juu, mbali na ukuta wa nje. Lisikae dirishani, kwani jua hupausha wino. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, ile ya kutilia picha, hunyonya wino na kubandikana na ukurasa, iepukeni. Daftari likilowa, usilianike juani wala usilipigie pasi. Tia kitambaa cha pamba kikavu au karatasi za tishu kati ya kila jani, lisimamishe likiwa wazi mbele ya feni kwa mbali, na ubadilishe tishu kila saa hadi manila isikike kavu kwa mkono. Ndipo uliweke chini ya vitabu vizito kwa siku mbili linyooke.