Unajua zipu inafanyaje kazi? Jinsi ya kubaki mwanafunzi hata ukiwa mtu mzima

Anza na zipu ya nguo yako. Ukiulizwa unajua inavyofanya kazi utasema ndiyo, si unaifunga kila siku, sasa chukua karatasi ueleze hatua kwa hatua yale meno yanashikanaje na kile kichwa kikipita kinayafanya nini hasa. Mistari miwili tu, umekwama. Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti wa namna hiyo, watu walijipa alama wanaelewa kiasi gani vitu kama zipu na choo cha kuflashi, wakaambiwa waeleze, wakishaeleza wakajipunguzia alama wenyewe. Tumezoea kitu basi tunadhani tunakielewa.

Fanya hivyo kwa mambo ya kazi yako pia, hasa yale unayojiona mtaalamu. Pale unapokwama andika swali, tena liwe dogo. "Umeme ni nini" litakuchosha bure, ila "kwa nini waya huu unapata moto na ule haupati" hapo una pa kuanzia.

Halafu uliza. Hapa ndo wengi tunashindwa, mtu anataja neno hulijui unatikisa kichwa kama umeelewa, hasa kama una cheo au umri umeenda. Usitikise jamani! Sema pale pale "samahani, hapo umeniacha, nirudishe kidogo", maana ukingoja dakika kumi kila kilichofuata kimejengwa juu ya lile neno na utaona aibu zaidi. Na kama anayekufundisha ni mdogo kwako mwache afundishe, mambo ya "enzi zetu" yaweke pembeni. Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akakaa na watoto akafundishwa kuandika.

La mwisho, daftari. Mwanasayansi Charles Darwin alikuwa na kawaida ya kuandika haraka kila jambo lililopingana na mawazo yake, sababu aligundua hayo ndo yanasahaulika upesi kuliko yanayomuunga mkono. Na wewe tenga ukurasa uuite "nilikuwa nadhani", weka tarehe, ulichokuwa unaamini na kilichokubadilisha, na wala huko si kujidharau. Ukurasa huo ukikaa bila kuandikwa kitu miezi mitatu, mtafute mtu msiyekubaliana, muulize ameona nini ambacho wewe hujakiona, kisha nyamaza mpaka amalize.