Kabla ya MRI ya ubongo kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na CJD

Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, yaani CJD, unaoharibu ubongo kwa haraka, ni nadra: kwa mwaka huwapata watu kama mmoja au wawili katika kila milioni. Mpiga picha huenda asiufikirie, kwa hiyo cha kukagua kwanza ni fomu ya kuombea kipimo. Ikiandikwa "anasahau" tu, huenda zikapigwa picha za kawaida, nazo zinaweza kutoka safi kabisa. Iandikwe kwamba akili imedidimia ndani ya wiki au miezi, CJD inashukiwa, na zinahitajika aina tatu za picha za MRI: DWI, ADC (ramani inayokokotolewa kutokana na DWI) na FLAIR (inayofifisha maji yanayozunguka ubongo ili palipoathirika paonekane). DWI hufuatilia mwendo wa maji ndani ya tishu. Palipoathirika mwendo huo hubanwa, hivyo panang'aa kwenye DWI na kufifia kwenye ADC. Mng'ao unaotafutwa hufuata mikunjo ya gamba la ubongo kama utepe, au hukaa ndani zaidi, kwenye kaudeti na putameni, sehemu mbili zilizo katikati ya ubongo. Msiridhike na CT (picha ya eksirei ya tabaka za ubongo) iliyotoka safi. Katika ugonjwa huu ndivyo inavyotoka mara nyingi.

Kinachoharibu picha zaidi ni mgonjwa kutikisika. Misuli yake hushtuka yenyewe, na huenda haelewi akiambiwa atulie. Ombeni DWI ipigwe mwanzo: huchukua dakika chache tu, wakati kipimo kizima hufika nusu saa au zaidi. Ikibidi apewe dawa ya usingizi, kwa kawaida chakula huachwa saa 6 kabla na maji saa 2 kabla. Kama hupaliwa anapomeza, mtaalamu wa usingizi ajulishwe mapema.

Mashine ya MRI ni sumaku kali, kwa hiyo huulizwa kuhusu vyuma mwilini. Maswali hayo ajibu ndugu, maana kumbukumbu za mgonjwa si za kutegemea: betri ya moyo, klipu kwenye mishipa ya ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, chembe za chuma jichoni kwa aliyewahi kuchomelea. Kadi ya kifaa chochote kilichopandikizwa ije naye.

Andikeni pia tarehe na saa ya degedege la mwisho. Degedege la karibuni huweza kung'arisha gamba la ubongo vilevile, na sukari iliyoshuka mno au ubongo kukosa oksijeni huweza kufanya hivyo pia. Picha za zamani zije na CD yake, si ripoti peke yake: utepe hafifu uliopitwa na msomaji wa kwanza mara nyingine huonekana zikisomwa upya.